Jani la Ukuta wa Kisima

Mwanangu Mize,

Salamu na dua utazipata kesho asubuhi kwa mdomo wangu, kwa hivyo humu siziweki. Nimekaa ukumbini, alasiri imeshapita, mlango wa uani uko wazi, na sauti yako naisikia kutoka kwa Bi Raya jirani, ulikokwenda kuaga. Unacheka sana. Mimi nimechoka, mwanangu. Tangu asubuhi nafunga na kufungua, nafungua na kufunga. Sasa nimeviacha vyote kama vilivyo. Kikapu chako kimejaa, kile cha kumpelekea bibi yako bado kina nafasi, na mimi nimechukua kalamu ya baba yako na karatasi zako zilizobaki za skuli. Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, maana ndizo nilizosomeshwa. Mwandiko wangu umezoea kuucheka, na huko Tanga uucheke vilevile.

Sikuandikii habari za dawa ya homa wala za kufunga mlango. Hayo umeshaambiwa na shangazi zako, na wengine wameyarudia mpaka nikakuona unapiga miayo. Nataka nikueleze habari ya lile ua la kisimani. Utasema, mama naye, watu wanasafiri yeye anazungumza maua. Nivumilie. Sijui njia nyingine ya kulifikia ninalotaka kulisema.

Mjomba wako Athumani alipokuja kututembelea, ulikuwepo. Alikaa kwenye mkeka huu huu nilioukalia. Alisema macho ya mama yetu yamekwisha, anapapasa ukuta kwenda chooni, na kila akisikia hodi ya mwanamke anauliza kama ni mimi. Hakunilaumu. Aliyasema hayo kwa upole huku akimenya chungwa. Nami nikajibu kama ninavyojibu siku zote: “Mwambie nakuja baada ya karafuu.” Hapo ndipo ulipoiweka sahani chini ukasema, “Basi nitakwenda mimi. Bibi asikae peke yake.” Hukunitazama uliposema. Nilitaka kukukemea kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa, nikaiokota sahani. Mjomba wako alipoondoka baba yako aliniuliza, “Wamwachia ende?” Nikasema namwachia. Akasema, “Haya.” Baba yako akisema haya, ujue ana mengi ameyameza.

Wewe ulizaliwa ukalikuta ua limo kisimani, ukadhani ni la hapa Pujini. Uliwahi kupigana na mtoto wa Bi Raya kwa kumwambia kuwa duniani kote liko kwenye kisima chetu tu. Kwa Pemba hukukosea. Pemba nzima mimi sijaliona pengine likiota lenyewe, na nimelitafuta. Lakini kwao si hapa. Kwao ni huko unakokwenda.

Nyuma ya nyumba ya mama yangu, ukivuka mihogo ukateremka kuelekea mtoni, kuna majabali ya chokaa. Upande unaopigwa na jua hayana kitu, ni jiwe kavu na mijusi. Zunguka uende upande wa kivuli, ambako miti imefunika na maji yanachuruzika kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Hapo utaliona. Limejibana kwenye nyufa, mahali ambapo majani makavu yameoza yakawa udongo usiojaa kiganja, na udongo huo unalitosha. Majani yake ni manene, ya mviringo, yamelala duara juu ya jiwe. Yote yana manyoya laini, ukipitisha kidole ni kama sikio la mwanambuzi. Ua lenyewe ni zambarau iliyokoza, petali mbili ndogo juu na tatu kubwa chini, na katikati vifuko viwili vya manjano. Hapo panachomoza kijiti chembamba kilichopinda. Ukitazama vizuri, ua hili kimepinda kushoto, ua jingine kimepinda kulia, na yote ni ya shina moja. Mimi na dada zangu tulikuwa tukificha ua kwenye ngumi na kuulizana, kushoto au kulia? Anayekosea anabeba mtungi wa mwenzake mpaka nyumbani. Nilibeba sana mitungi.

Tulidhani limejaa kila mahali. Kumbe ukiyaacha majabali yale ukatembea kuelekea pwani, hulioni tena. Kwenye mashamba ya katani halipo. Shangazi yangu aliyeolewa juu Usambara alisema milimani lipo, lakini kila bonde lina lake. Bonde hili lina majani madogo, lile linatambaa, jingine ua lake limepauka kama nguo iliyofuliwa sana. Na Wadigo waliotoka upande wa Mombasa walituambia kwao pia yako majabali yenye nalo, ila si lile lile hasa. Basi ni hivyo, jabali hapa na jabali kule, na katikati hakuna kitu. Kwa nini limejibana hivyo sijui. Pengine lilipata mahali pake likaona hapo panatosha.

Siku niliyoondoka kuja Pemba na baba yako, mama hakulia. Alishuka mtoni alfajiri, akarudi na jani moja lenye kikonyo chake. Jani tu, maana ukilichomeka litajitolea mizizi lenyewe. Akalifunga ndani ya ganda la mgomba lililoloa akanitia mkononi. Akasema, “Liweke kivulini, uliache. Hili halitaki kubembelezwa. Na mimba ya kwanza uje uzae kwangu.” Nikamwambia ndiyo, mama. Vyote viwili nilivisikia vizuri, na vyote viwili sikuvifanya.

Jani nililibembeleza. Nilikuwa mgeni, mwanangu, na mgeni hapendi kitu chake kikae pasipoonekana. Lilipochipua nikalipanda kwenye kifuu cha nazi nikaliweka barazani, juani, kila mpita njia alione, na kila asubuhi nalimwagia maji kichwani kama watu wanavyomwagilia mrehani. Majani yakaingia mabaka, yakalegea. Likatoa maua mawili tu. Bibi yako mzaa baba, Bi Saumu, Mungu amrehemu, akainama akalinusa, akanusa tena, akanitazama kwa huruma kabisa.

“Mwanangu, ua lako mbona halinuki? Ua lisonuka lafaa n'ni?”

Huku, kama unavyojua, ua ni harufu. Asumini, kilua, mkadi, vyote vinachumwa kwa kunukia, vinafungwa kikuba, vinabanwa kifuani, vinatandikwa kitandani kwa bi harusi. Ua lisilonuka ni jani lililokosea rangi. Wanawake wakalipa jina, ua bubu. Nami kwa hasira nikalichuma ua moja nikalifunga kwenye kikuba changu, katikati ya asumini, nikaenda nalo harusini huku nimejitutumua. Halikufika magharibi. Lilinywea likawa kitambaa kimeloa, na mama mmoja akaniambia mbele ya watu, “Bubu lako lishakufa, mwanangu, twalizike.” Walicheka wote. Leo nami nacheka. Siku ile nilirudi nyumbani nikaling'oa shina zima nikalitupa kisimani.

Ndivyo lilivyopata kupona. Jani moja lilinasa kwenye ufa wa ukuta wa kisima, chini ya mdomo kidogo, mahali ambapo jua halifiki na ndoo ikipanda inadondosha matone. Jiwe la kisima kile ni la matumbawe, nalo ni chokaa vilevile. Sikujua kitu. Siku nyingi baadaye navuta maji, nainama kuishika ndoo, naliona limefumbuka. Niliiachia kamba, ndoo ikarudi yote chini. Bi Saumu akapiga kelele jikoni akidhani nimetumbukia.

Kabla ya hapo, nilipodhani limekwisha, nililitafuta kisiwa kizima. Nilimwambia baba yako, kama mvua ni hii hii na jiwe ni hili hili, litakosaje huku? Tukaenda Msuka kwenye harusi ya binamu yake, nami nikamng'ang'ania anitie ndani ya msitu wa Ngezi. Watu wanakula pilau, sisi tuko msituni. Alinifuata nyuma kutwa, mtu wa watu, kanzu ya harusi imepandishwa magotini, anapindua kila jani la chini ananiuliza, “Hili silo?” Tuliona mipapindi, ile miti kama minazi ya huku Pemba, ambayo kule kwetu sikuwahi kuiona. Tuliona magome ya miti yamejaa kuvu, tukaumwa na siafu. Mwishowe akakaa juu ya gogo, akajikuna, akasema, “Halimo, mke wangu. Mngu hakulitia huku.” Alisema kana kwamba yeye ndiye aliyelisahau. Hapo nilimpenda baba yako, ukitaka kujua. Si siku ya harusi yetu, ni siku ile ya siafu.

Kwa hivyo watu wa Tanga wakikuuliza kwa nini sikurudi, usiwaambie Wapemba walinifunga. Nilipopata mimba yako, Bi Saumu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniambia, “Nenda kwenu ukazae. Mimba ya mwanzo mtu hazai ugenini. Faki mwanangu mie n'tamlisha, hafi njaa.” Baba yako aliulizia chombo. Ni mimi niliyesema, ngojeni, baada ya karafuu.

Nikueleze kwa nini, ijapokuwa sababu yenyewe ni ndogo na inanitia haya. Tanga watu wakisikia Pemba wanasikia karafuu, na wakisikia karafuu wanasikia fedha. Siku ya harusi dada zangu walinitania kuwa nitarudi na bangili mpaka viwikoni. Nami kwa ujinga wa bi harusi nikawaahidi kila mmoja doti ya kanga na mama nikamwahidi kitanda cha kamba za madoido. Mikarafuu ya baba yako unaijua, michache, na mingine mizee. Mwaka huu inabeba, mwaka unaofuata inapumzika. Nikasema sitaingia kwa mama mikono mitupu na tumbo mbele. Ingoje ibebe vizuri mara moja tu, nami nitakwenda kama mtu.

Ukazaliwa hapa, chumba cha nyuma, karafuu zimeanikwa uani mpaka mlangoni. Bi Saumu alinikanda na kuniogesha maji ya moto siku zote za arubaini kama mwanawe wa kuzaa, sikukosa kitu. Lakini kabla arubaini haijatoka, msafiri mmoja akaleta salamu kutoka kwa mama. Alikuwa amekata kuni. Amezipanga ukumbini kwake tangu mimba iko changa, kuni za kunichemshia maji, amenunua na mtungi mpya. “Mama yako asema kuni ziko.” Nikamjibu, mwambie nakuja baada ya karafuu.

Mwaka uliofuata salamu zikaja tena, kuni bado ziko. Vita vya wazungu vikaingia, vyombo vikawa shida, nami nikafurahi kupata sababu isiyokuwa yangu. Vita vikaisha. Kuni bado ziko. Mama hakuzichoma, Mize, hata mvua zilipokuwa nyingi na kuni kavu hazipatikani. Alikuwa akipikia matawi mabichi, macho yakimtoka machozi kwa moshi. Mjomba wako ndiye aliyenieleza hivi juzi. Simaanishi moshi ndio uliomharibu macho, mimi si daktari. Lakini tangu aniambie, nikiona moshi jikoni natoka nje.

Halafu ikaja salamu kwamba kuni zimeliwa na mchwa. Baada ya hapo mama hakutaja kuni tena. Salamu zikawa salamu tu, hamjambo, hatujambo.

Mwaka wa kwanza nilichelewa. Miaka michache baadaye ikawa naona haya ya kuchelewa. Kisha haya yenyewe ikawa ndiyo kazi yangu, naamka nayo na kulala nayo. Nikawa siwezi kwenda kwa sababu sikwenda. Ukimweleza mtu mwenye akili zake atakucheka, lakini nimeishi ndani yake na sikuuona mlango.

Ua lile nililiona mahali pengine mara moja tu, na nusura lisiwe lenyewe. Ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Nilipeleka mayai Chake Chake kwenye nyumba ya bwana mmoja wa serikali, Mzungu, nikangojea mpishi mlango wa nyuma. Kwenye kibaraza, juu ya meza, mahali pasipofika jua, palikuwa na chungu kidogo kilichopakwa rangi, na ndani ya chungu ua letu. Majani yale yale, manyoya yale yale. Ila ua lenyewe lilikuwa rangi ya waridi, limejikunja petali juu ya petali, limejivuna. Nililijua kama unavyomjua ndugu yako aliyevaa nguo za kuazima.

Nikamwuliza mpishi, “Hili limetoka wapi?”

“Ulaya,” akasema. “Mke wa bwana kaja nalo melini, kalipakata kama mtoto. Hapa haligusi mtu.”

Nilicheka mpaka mayai yakagongana kikapuni. Mpishi akadhani nina wazimu, akanihimiza niyahesabu. Ningemwambia nini? Huenda si lenyewe, ni la ukoo wake tu. Lakini nikiwa njiani kurudi, kicheko kiliniishia. Ua limetoka kwenye jiwe, limevuka bahari zote hizo, limefika Ulaya wakalibadilisha rangi, limerudi mpaka Chake. Na mimi Tanga, ambayo milima yake inaonekana kutoka Wete hewa ikiwa safi, imenishinda. Nililionea wivu ua, mwanangu. Nikakaa kando ya barabara nikalia, nawe mgongoni ukalia kwa kuniiga. Nyumbani baba yako alipouliza macho yamefanyaje, nikasema mayai yamevunjika.

Sasa nikwambie ninachokiogopa. Siogopi bahari, wala homa, wala wanaume wa Tanga, ingawa hao nao wana maneno matamu kuliko hawa wa kwetu. Naogopa utapapenda. Ni kwenu pia, kwa nini usipapende? Utamtunza bibi, utazoea mto na yale majabali, pengine utapata mume, na siku moja atatoka msafiri Tanga aniletee salamu kuwa Mize anakuja baada ya kitu fulani. Nitajua mwenyewe maana yake. Na kwa jinsi nilivyoishi mimi, sina mdomo wa kukwambia urudi.

Ila hili moja nalijua, maana limenilia miaka yangu. Ukichelewa, njoo umechelewa. Ukiwa huna kitu, njoo huna kitu. Ukiwa ulituahidi makubwa ukaja na kikapu cha maembe mabovu, njoo nacho, tutakimwaga uani na tutakula wali. Usingoje upate maneno mazuri ya kusema mlangoni. Mimi nimeyatafuta maneno hayo tangu ungali tumboni, na leo una kifua na akili za mtu mzima, bado sijayapata.

Nimeinuka kidogo, nimekwenda kisimani, nimerudi. Kamba inaniumiza mikono siku hizi, hata kuinama nainama kwa kujishika kiuno. Kuna jambo moja la ua lile silielewi. Halijawahi kushika mbegu hapa. Kule kwetu likishapukutika linaacha kifuko chembamba, kinakaa miezi mpaka kikauke, kipasuke, kitoe vumbi, na hilo vumbi ndilo mbegu. Hapa linafumbuka, linapukutika, basi. Labda nyuki anayelijua hayuko Pemba. Yote unayoyaona ukutani yametokana na majani yaliyoanguka, jani kwa jani, mpaka lile moja alilolikata mama yangu alfajiri ile. Kwa hivyo ni lile lile, halikuchanganyika na kitu. Ukilishika, umeshika alilolishika yeye.

Nimekata jani moja na kikonyo chake, nimelifunga kwenye ganda la mgomba. Usilimwagie maji, na usiliweke juani. Ukifika usimweleze kitu kwanza. Mwamkie, umtie jani mkononi. Halina harufu, naye hana macho, lakini vidole anavyo, na manyoya yale anayajua tangu ana umri wako. Pengine atakuuliza kushoto au kulia. Ndiye aliyetufundisha ule mchezo.

Halafu atakuuliza mama yako yuko wapi. Hapo sasa. Usimwambie nakuja baada ya karafuu. Neno hilo nimelituma kwa kila msafiri mpaka limechakaa, na sitaki wewe uwe mmoja wa waliolibeba. Mwambie

Nilikwama hapo. Kalamu nimeiweka nikaichukua tena.

Nitakwambia nilichokuwa nikikifanya leo kutwa, nawe usinicheke. Kule kufunga na kufungua si kwa ajili ya vitu vyako. Vyako vilikwisha asubuhi. Ulipokwenda kuoga nilitia kanga zangu na viatu vyangu kwenye kikapu cha bibi yako, chini ya halua. Nikazitoa. Nikazitia tena, nikazitoa. Ulipokwenda kwa Bi Raya nikazitia, nikafunika kwa kawa, nikaja kukaa hapa kukuandikia kana kwamba sizijui.

Baba yako ameingia sasa hivi kutafuta kiberiti. Amekiona kikapu kimetuna, ameinama, amefunua kawa. Amerudisha kawa mahali pake. Ikabidi niseme mimi.

“Na karafuu je?”

“Karafuu zina watu wa kuzichuma.”

“Na wadogo zake Mize?”

“Wana baba.”

“Sina hata doti moja ya kuwapelekea watu, Faki.”

Akakaa chini kando yangu, magoti yakamlia kama kawaida yake. Akasema, “Mama yangu alikwambia n'ni? Mimba ya mwanzo haizaliwi ugenini. Basi mimba ya mwanzo ndo ile yaenda kesho, ile yacheka kwa Bi Raya. Weye hwendi nayo?”

Nililia, na hakunikataza. Ameinuka, ametafuta kamba, na sasa anakifunga kikapu. Anafunga vibaya, fundo juu ya fundo, hata nikitaka kulifungua siwezi mpaka nilikate.

Kwa hivyo sijui barua hii ni ya kazi gani tena. Nitakupa hivyo hivyo, nawe usiisome mbele yangu. Tukifika kwa mama, tangulia wewe. Piga hodi kwa sauti yako, ingia, umtie jani mkononi. Akiuliza mama yako yuko wapi, nyamaza. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni. Niache hapo kidogo, mpaka miguu ikubali. Nitaingia nimechelewa, mikono mitupu.

Mama yako,
ambaye naisikia sauti yako inakuja uani.